Ndoo kwenye Kiti cha Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili si langu kwa haki. Kila msimu wa mkutano kila kiti huwekewa daftari moja, penseli mbili, jagi na glasi, na kiti cha tisa hakijawahi kutumia hata ukurasa mmoja. Mwaka jana nilipokuwa nakusanya vitu nililikuta jipya, bado linanukia duka, nikalitia mkobani. Kwa hiyo naandika mambo yangu kwenye karatasi za watu wasiokuja. Wakilitaka, waje walidai.

Mkutano umeanza tena leo, na mvua imeanza siku hiyohiyo kana kwamba walipatana. Nchi tisa za ukanda wetu zinatakiwa zikubaliane kwamba hakuna hata moja itakayotengeneza wala kuficha silaha za maangamizi: si bomu la nyuklia, si gesi ya sumu, si vijidudu vya maradhi. Nane huja. Ya tisa ni jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, na kwa miaka kumi na mmoja haijawahi kukaa humu hata siku moja. Bila wao, hawa wanane wanapoteza pumzi zao, kwa sababu kila mmoja anasema hawezi kufungua maghala yake ilhali yule amefunga yake.

Mimi ni mtunza ukumbi. Wajumbe wananiita Mama Ukumbi, na huu mwaka wa sita nimeshalizoea jina. Mwenyekiti wetu ni Balozi mstaafu wa miaka sabini na miwili, anayevua viatu chini ya meza akidhani hatumwoni. Ana amri moja isiyojadiliwa: kiti cha tisa kiandaliwe kila asubuhi sawasawa na vingine, na kisisogezwe mahali pake hata kwa dakika moja. Basi kila asubuhi namimina maji kwenye glasi ambayo hakuna atakayeigusa, na kila jioni nayamwagia ua lililoko kwenye chungu pale dirishani. Kwangu mimi ni ukaidi wa mzee tu. Anayefaidika ni ua, maana limenawiri kupita kiasi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Wamebishana aya ya pili mpaka chai ikapoa. Nimeipasha mara mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Kitindamimba wangu amepiga simu. Ni mwuguzi katika hospitali ya mpakani, na dirisha la wodi yake linatazama mabati ya mji wa jirani. Wameletewa mavazi ya mpira na barakoa za gesi, masanduku kumi na nne.

"Mama, lile vazi ukilivaa unaiva humo ndani. Jana tumefundishwa kumwosha mtu aliyemwagiwa sumu. Unamkata nguo zote kwa mkasi, halafu maji na sabuni dakika kumi bila kupumzika."

"Mmejifunzia kwa nani?"

"Kwa daktari mkuu. Amejitolea mwenyewe. Leo yuko kitandani, mafua yamemshika!"

Tulicheka sote wawili. Nilipokata simu nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, na mume wangu akaniuliza mara mbili kama chakula kiko tayari kabla sijamsikia.

Ijumaa, 15 Machi

Balozi ametukusanya wafanyakazi wote. Nchi nane zimechoka kusubiri. Kama kiti cha tisa kitakuwa bado kitupu tarehe 31 Mei, mkutano utafungwa, na kila nchi itajua pa kujificha. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniuliza hali ya binti yangu. Sikumbuki lini nilimwambia kwamba nina binti mpakani.

Jumatatu, 18 Machi

Paa linavuja. Nimekwenda kwa Mkuu wa Utawala, ambaye tangu nimjue ana jibu moja tu, na ndiyo maana tumempa jina la Bwana Subirini. Akaniambia tusubiri.

Alhamisi, 21 Machi

Tunasubiri.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ya leo imeongeza tundu jingine. Ukumbi wote ule, mita ishirini kwa kumi na tano, na tone limechagua kuangukia katikati ya kiti cha tisa! Kukisogeza siruhusiwi. Kukiacha kilowe siwezi, kile ni kitambaa cha bluu kinachooza upesi. Nikakaa nikawaza, kisha nikaweka ndoo ya kudekia juu ya kiti. Amri haikusema chochote kuhusu ndoo.

Jioni nikamsimulia mume wangu, ambaye ni fundi wa mabati wa miaka thelathini. Nilidhani atasema nipelekeni nikazibe. Akasema, "Mama watoto, hilo tundu haliwezi kuwa dogo." Nikatazama juu, kwenye dari yetu wenyewe, penye doa la mwaka juzi. Akajikausha, akaendelea kula.

Jumatatu, 8 Aprili

Sasa ni utaratibu. Ndoo inakaa juu ya kiti usiku kucha, saa mbili na nusu asubuhi naiondoa, nafuta, napanga penseli. Mpiga picha wa magazeti huingia saa tatu kamili, anapewa dakika mbili, anatoka. Saa tatu na robo milango inafungwa.

Jumanne, 9 Aprili

Balozi amenikuta nimebeba ndoo. Alinifungulia mlango.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeharibu. Sijui nianzie wapi.

Barabara ilifurika, nikachelewa nusu saa. Nilipoingia ukumbini nikatangulia kuwasha taa, nikatangulia kujaza majagi, nikajiambia ndoo nitaiondoa mwisho kwa kuwa imejaa pomoni na sitaki kuimwaga kwenye zulia. Mpiga picha naye, kwa kuogopa foleni, alikuwa amewahi. Sikumwona akiingia. Nilisikia tu kamera inalia, nikageuka, na mbele yake palikuwa na kibao chenye jina la nchi ya jirani zetu, glasi, daftari, penseli mbili zilizonyooka, na nyuma ya hivyo vyote, imekaa kitini kwa heshima zake zote, ndoo ya kudekia.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo usiitoe." Akasema hawezi kuniahidi, picha ni ya mhariri. Sikumwambia mtu yeyote. Mchana kutwa nimetembea na roho mkononi.

Alhamisi, 18 Aprili

Ukurasa wa kwanza. Wameandika: MWAKILISHI WA TISA AWASILI.

Huku kwetu watu wanacheka barabarani. Huko kwao hawacheki. Redio yao imesema tumewakalishia ndoo ya maji machafu mahali pa taifa lao, mbele ya mataifa manane, na kwamba sasa dunia imeona wanavyoheshimiwa. Wajumbe wawili wamemwambia Balozi kwamba wanafunga mizigo. Na jioni kitindamimba wangu akapiga, hana tena ile sauti ya utani.

"Mama, likizo zote zimefutwa. Upande wa pili wameleta malori. Wametuambia tulale na viatu miguuni. Eti kuna mtu kaweka ndoo sijui wapi huko mjini."

Nikazima redio.

"Mama, si ni ukumbini kwenu?"

"Ni ukumbini kwetu."

"Nani huyo?"

Nimejifungua watoto watatu na sijawahi kupata uchungu wa namna ile. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Basi usilie, Mama. Viatu vyenyewe ni vizuri, havibani." Ndipo nikalia kweli.

Ijumaa, 19 Aprili

Bwana Subirini, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa na haraka na paa, leo amekuwa na haraka nami. Ameandika barua ya kunisimamisha kazi kabla ya saa nne.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Balozi mwenyewe. Alikuwa peke yake ukumbini, bila viatu, anatazama dari.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Mama Ukumbi. Kaa."

Sikukaa. Nikamweleza yote, tundu, kitambaa, foleni, uvivu wangu wa kuiacha ndoo mpaka mwisho. Nikamwambia pia, kwa kuwa nilikuwa nimeshapoteza kila kitu, kwamba ile amri yake ya kutosogeza kiti ndiyo iliyotufikisha hapa, na kwamba kwa miaka sita sijaielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Katika kikao cha kwanza kabisa, miaka kumi na mmoja iliyopita, walisubiri jirani mpaka saa sita mchana. Hawakutokea. Meza ilikuwa imebana, wajumbe wanagongana viwiko, basi akaagiza kiti cha tisa kitolewe nje watu wapumue. Saa saba mlango ukafunguliwa. Akaingia mjumbe wao, suruali ina matope mpaka magotini. Daraja lilikuwa limekatika na alitembea. Akasimama pale mlangoni akahesabu viti. Vilikuwa vinane. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeaga msibani, akatoka. Hakurudi, wala hakurudi mwingine.

"Nilimkimbilia mpaka barabarani," Balozi akasema. "Nilikuwa nimevua viatu, nikaenda hivyohivyo. Alishapata lifti, gari likaondoka."

Akaichukua ile barua ya Bwana Subirini mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaisukumiza chini ya mguu wa meza unaocheza.

"Mmoja aliyeharibu kwa kiti anatosha kumsamehe wa pili," akasema. "Nenda kaandae ukumbi."

Nimekiandaa kiti cha tisa leo bila kunung'unika, na glasi nimeifuta mara mbili. Miaka sita nimemwona mzee huyu mkaidi. Kumbe alikuwa anaomba radhi kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa namwandalia radhi hizo.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Malori bado yapo. Binti yangu anasema amezoea kulala na viatu, ila daktari mkuu anakoroma.

Ijumaa, 26 Aprili

Barua imekuja kutoka kwa jirani! Imeletwa na dereva aliyevuka mpaka kwa miguu na kuchukua gari upande huu. Ina mihuri mitatu. Balozi aliifungua mbele yetu sote, akaisoma kimya, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani presha imempanda, nikakimbilia maji.

Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, anacheka.

"Kurasa nne za matusi," akasema. "Matusi safi, yaliyopangwa vizuri. Miaka kumi na mmoja nimewaandikia barua arobaini na tatu, hawajajibu hata moja. Leo wamejibu!"

Bwana Subirini akauliza la kufurahisha ni lipi.

"Sikiliza. 'Ndoo imewekwa juu ya kiti chetu.' Ukurasa wa pili, 'kiti chetu kiheshimiwe.' Ukurasa wa nne, 'tunadai kiti chetu kikaushwe.' Miaka yote wamekuwa wakisema hawana kiti humu ndani. Sasa wanakilinda wenyewe." Akaniangalia. "Mama Ukumbi, tangu nianze kazi hii sijawahi kupata msaada kama wa ile ndoo yako."

Nikasema, "Balozi, usinitanie." Lakini nilikuwa nacheka nami.

Ijumaa, 3 Mei

Jibu limekwenda. Balozi ameomba radhi bila kujitetea, na mwishoni akaongeza kwamba kwa kuwa kiti ni chao, wanakaribishwa kuja kukikagua wakati wowote. Ameniambia nisome kabla halijafungwa. Mimi! Nilikuta amesahau kutaja kwamba kitambaa kimekaushwa juani siku mbili. Akaliongeza kwa mkono.

Jumanne, 14 Mei

Wamejibu. Watamleta mtu mmoja. Wamesisitiza, tena kwa mstari chini yake, kwamba huyo si mjumbe, si mtazamaji, na kuja kwake hakumaanishi kwamba wanashiriki chochote. Ni mkaguzi wa fanicha.

Atakuja tarehe 30. Mkutano unafungwa tarehe 31. Bwana Subirini ameniuliza kama namfahamu fundi mzuri wa mabati.

Jumatatu, 20 Mei

Mume wangu yuko juu ya paa la mkutano tangu asubuhi, anaimba. Wajumbe wanajadili ukaguzi wa maghala ya kemikali huku nyundo inalia vichwani mwao. Hakuna aliyelalamika. Nyumbani kwetu doa la darini limeongezeka.

Jumatano, 22 Mei

Malori mawili yameondoka mpakani. Yamebaki manne. Binti yangu anayahesabu kila asubuhi akipiga mswaki.

Alhamisi, 30 Mei

Nimefika saa kumi na mbili asubuhi. Sikutaka foleni wala sababu.

Mkaguzi alifika saa tatu na dakika ishirini, mtu mfupi, kofia mkononi, begi dogo la ngozi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa amri ya Balozi, mvua ikalowesha kapeti ya kizingitini na hakuna aliyejali. Wajumbe wote wanane walikuwa wamekaa. Yule bwana hakuingia. Alisimama mlangoni, akainua kidole, akaanza kuhesabu viti.

Nilimtazama Balozi. Midomo yake ilikuwa inahesabu pamoja naye.

Moja, mbili, mpaka tisa. Ndipo akaingia.

Alitoa futi ya kupimia, akapima viti vyote tisa, urefu na upana, asije akakuta chao kimekuwa kifupi. Akabonyeza kitambaa kwa kiganja. Akatazama juu. Mume wangu alikuwa bado na ngazi yake pembeni, na yule bwana akamwuliza kama amepiga kiraka kwa ndani au kwa nje.

"Kwa nje, na lami juu yake."

"Naweza kuona?"

Mkaguzi wa nchi iliyokataa kushiriki chochote akavua koti, akapanda ngazi. Walikaa huko juu robo saa. Tulisikia wanaongea, kisha tukasikia wanacheka. Walipotelemka mume wangu akaninong'oneza, "Kwake pia panavuja, mama watoto. Chumbani."

Mkaguzi akasema kazi ni nzuri, lakini yeye haamini bati lolote duniani, na anashauri kiti kisogezwe nusu mita kuelekea dirishani. Balozi akasema kwa upole kwamba kiti hicho hakisogei peke yake. Kikisogea, vyote vinasogea, na hilo linahitaji ridhaa ya kila kiti. Akawauliza mmoja mmoja. Wa kwanza akakubali, wa pili akakubali, yule wa tano ambaye hajawahi kukubali kitu tangu nimjue akakubali. Akafika kwa mkaguzi.

"Na kiti cha tisa?"

Yule bwana alizungusha kofia mikononi. Aliyetumwa kukagua fanicha hana mamlaka ya kusema ndiyo, sote tulijua. Akasema, "Kuhusu kiti tu, ndiyo."

Tukasogeza. Mabalozi wazima, wenye suti, wanavuta viti, na mimi nahamisha glasi. Miaka kumi na mmoja, na huo ndio uamuzi wa kwanza wa nchi tisa zote. Karani aliuandika kwenye kumbukumbu.

"Inabidi nikae," mkaguzi akasema, "nijue kama kinavuja tena." Akakaa. Balozi, bila kumtazama, akafungua rasimu akasema tuendelee na aya ya kwanza. Wakaisoma kwa sauti, yote, ile ya kutotengeneza na kutoficha, kisha ya pili, ya tatu. Mkaguzi alikuwa anatazama dari. Ilipofika aya ya sita nikaona ameshusha macho, amefungua daftari, anaandika.

Saa saba akasimama, akampa Balozi mkono. Walishikana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akanijia mimi.

"Wewe ndiye mwenye ndoo?"

Nikasema ndiyo, na kwamba naomba radhi, mimi na nyumba yangu yote.

"Mwezi ujao uweke viti viwili nyuma ya kile," akasema. "Watakuja kusikiliza tu. Wakiona panavuja, wataondoka."

"Hapatavuja, baba."

Akaenda na lile daftari, na penseli zote mbili.

Ijumaa, 31 Mei

Hakuna aliyefunga mkutano. Wanane wamekubali kwa dakika nne tukutane tena tarehe 17 Juni. Balozi alitoka amevaa viatu, akarudi kunishika bega, akaondoka. Binti yangu amepiga: malori yamebaki mawili, na jana kalala bila viatu. Masanduku ya mavazi bado yapo stoo, yote kumi na nne.

Jana kwa furaha niliondoka bila kukusanya vitu, nimevikusanya leo alfajiri kabla ya kikao. Glasi nane zilikuwa na maji nusu nusu, kama kawaida ya wajumbe. Nikafika kiti cha tisa, nikainyanyua glasi yake kwa mazoea, nikageuka kuelekea dirishani, nikainamisha mkono. Hapakutoka kitu. Alikuwa ameyanywa yote.

Nikasimama pale na glasi tupu. Kisha nikaenda bombani kulichotea ua maji.